Nimemwachilia Sweta

Wewe uliona, usijifanye. Jumapili ile sokoni Muthetheni, polisi walipompakia Mbithi nyuma ya gari, uliinamia nyanya ukaanza kuzibonyeza kana kwamba hujawahi kuona nyanya. Kosa lake ni kuuliza mbele za watu pampu ya kisima chetu imeenda wapi. Wewe swali hilo huliuliza jikoni kwako. Yeye aliliuliza kwa sauti, basi.

Kesho yake asubuhi Kasiva, mama yake, alifika kituo cha polisi Machakos. Hawakumruhusu kumwona, ila nyuma ya ukuta alisikia kikohozi anachokijua tangu mwanawe alipougua surua. Akavua sweta lake.

"Afande, mpelekee. Huko ndani kuko na baridi."

Afande wa mezani, msichana aitwaye Linet, alilipokea bila kuinua macho. "Niandike nini, mama?"

"Andika nimemwachilia sweta."

Ndivyo tunavyosema huku. Mwenye Kiswahili cha shule angesema nimemwachia. Kasiva Kiswahili chake alikiokota sokoni akiuza ndengu, na huko silabi moja ya ziada haijawahi kumdhuru mtu. Linet akaandika katika kitabu kikubwa cha kituo. Kasiva akaweka alama ya kidole.

Jumatano alirudi na chupa ya uji.

"Mbithi? Huyo aliachiliwa," Linet akasema.

"Asi! Aliachiliwa!" Furaha ilimpanda hadi akashika ukuta. "Lini?"

"Jumatatu. Si ulimchukua wewe? Kidole chako si hiki?"

Kasiva hasomi haraka, lakini anasoma. Alifuata mstari neno kwa neno. *Mama amefika. Amemwachilia.* Kisha doa jeupe la ile rangi ya kufutia makosa, kisha kidole chake. Sweta halikuwemo.

"Mwanangu, mimi niliacha nguo. Sikupewa mtu!"

Linet alitazama mlango wa mkubwa wake. "Mimi niliandika sweta, mama," akanong'ona. "Nenda nyumbani. Tafadhali."

Kasiva anajua kuachilia. Mbuzi ukimwachilia, kamba inabaki mkononi na unaona ameelekea wapi. Huyu alielekea wapi? Aliingia wodi zote za hospitali. Mochari walimfunulia vijana watatu wasio wake, akamshukuru Mungu, kisha akaona haya, maana hao nao wana mama zao.

Shemeji yake Maundu alimkuta barabarani. "Mama Mbithi, mwachilie Mungu."

"Nimwachilie Mungu nini? Ni Mungu alimshika?"

"Basi hao wakubwa waachilie moyoni. Samehe, usije ukagonjeka."

"Maundu, umetumwa ama ni uoga wako tu?" Akamsogelea. "Polisi wamemwachilia. Mungu nimwachilie. Wakubwa niwaachilie. Nyinyi wote mnaachilia, na mtoto wangu hayuko!"

Wenye kumbukumbu hawakushangaa. Kyalo wa Kangundo naye aliachiliwa hivyo hivyo, kwa wino. Huu ni mwaka wa tisa, na mkewe bado hafungi komeo la mlango. Tulimwambia pole. Tukala chakula chake, tukarudi makwetu.

Leo Alhamisi, saa mbili asubuhi, Kasiva aliingia kituoni bila kusalimia. Linet alikuwa amekifungua kitabu mezani. Kasiva alikinyakua, akakikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Maafande wawili wakaruka meza.

"Achilia, mama!"

"Nimewaachilia vya kutosha."

"Achilia, tutakuumiza!"

"Niumizeni. Chini ya hilo doa mmezika sweta langu, na mtoto wangu."

Wamemvuta mkono, wamemvuta leso. Bega moja limelegea. Linet amesimama pembeni akilia, hathubutu. Mkubwa ametoka mlangoni na kusema hana haraka, mwanamke wa miaka sitini na mmoja atachoka tu, na kitabu kikirudi, ukurasa huo hautakuwepo.

Mkubwa huyo anajua kuhesabu. Amehesabu pia kwamba wewe hutakuja.

Kasiva bado ameshika. Ana mikono miwili tu. Funga duka, acha jembe, mwite jirani yako kwa jina. Ingieni kituoni mkiwa wengi, mketi sakafuni kando yake, mkishike kitabu hicho mpaka kisomwe kwa sauti mbele ya hakimu. Si kesho. Inuka sasa hivi, twende.