Pipa la Ijumaa

Nyumbani kwetu kulikuwa na mapipa mawili, na ole wako ukiyachanganya. La kijani lilikuwa la nyumbani: maganda, majani ya chai, mifupa, madaftari yaliyoisha, viatu vilivyokata tamaa. Hilo lilitolewa Jumanne. La pili lilikuwa jeusi, lina mfuniko mzito na neno BIASHARA kwa rangi nyeupe, na lilitolewa Ijumaa peke yake. Chumba chetu cha mbele kilikuwa duka la baba yangu, fundi cherehani, na sheria ya manispaa ilisema wazi kwamba taka za biashara na taka za nyumbani hazikai pipa moja. Ukuta mmoja tu ulitenganisha duka na meza yetu ya kulia, lakini kwa mambo ya taka ungedhani ni nchi mbili.

Mlinzi wa mpaka alikuwa Mama. Mama alikuwa na macho, jamani! Uzi ukinata kwenye suruali ya Baba, ukadondoka chini ya meza tunakula, Mama anauokota na kuurudisha dukani. "Huu si wetu," anasema, anakaa, anaendelea kula. Siku moja kaka yangu akajitia ujuaji, akauliza, "Na vumbi je, Mama?" Akapewa fagio mbili, mmoja wa ndani na mmoja wa dukani, akawa na kazi ya kila asubuhi mpaka alipooa.

Usimcheke Mama, alikuwa na sababu. Gari la taka la Ijumaa lilikuja likipiga kengele, na yule kijana mrefu aliyeipiga tulimwita hivyo hivyo, Kengele. Kengele hakumwaga pipa la biashara kabla ya kulifunua na kutazama ndani. Akikuta ganda moja tu la kitunguu, analiacha palepale limejaa, anabandika karatasi nyekundu kwenye mfuniko, anakwenda zake. Karatasi hiyo inakaa mlangoni kwako hadi Ijumaa nyingine, na mtaa mzima unaisoma. Kwa Mama, bora angeibiwa.

Tuliipata mara moja. Ganda la yai! Mama alitupanga ukutani mimi na kaka yangu, akauliza nani kala yai dukani. Kaka yangu alianza kulia kabla hajaulizwa, ili tu asipitwe. Mimi, ambaye tangu utoto naitwa Pilipili na siyo kwa bure, nikasema, "Mimi sijala, na kama ningekula ningesema." Baba alikuwa anashona kwa bidii ya ajabu, kichwa kakiinamisha. Mama akamgeukia taratibu, akaona kiini kwenye masharubu.

"Nilikuwa kazini," Baba akasema. "Mtu akila akiwa kazini, ganda ni la kazi."

"Kwani hilo yai ulikuwa unalishona?"

"Hapana, lakini..."

"Tumbo ni la nyumbani!" Mama akasema, na Baba akatolewa nje kwenda kulitafuta lile ganda kwa mkono wake, kinyozi na fundi viatu wakimtazama. Alicheka mwenyewe mpaka akaegemea ukuta. Nikiwakumbuka wazazi wangu, huwa nawakumbuka siku hiyo.

Lakini Ijumaa zenyewe! Mapipa meusi yalikuwa yamejipanga mtaa mzima. La kinyozi limejaa nywele, la fundi viatu limejaa vipande vya ngozi, la mpiga picha linanuka dawa. Wenyewe walitoka na vikombe vya chai, wakasimama kila mtu kando ya pipa lake, wakisubiri kengele. Walikuwa wanapimana kazi kwa mapipa. Fundi viatu alikuwa anainua mfuniko wetu bila aibu. "Wiki hii mmeshona, fundi!" anasema, na Baba anajibu, "Vijiposho tu," huku anatembea kifua mbele. Wiki moja kinyozi alituhumiwa kwamba anajazia pipa lake nywele za wiki iliyopita. Walimtania hadi akaapa kwa mama yake.

Wale wote wameondoka. Kulikuwa na kifungu katika sheria ile ile ambacho zamani hakuna aliyekijali: pipa la biashara likikutwa tupu mwezi mzima, biashara inahesabiwa imefungwa na pipa linachukuliwa. Wakachukua la mpiga picha. Wakachukua la kinyozi. Baba alikuwa ananipigia simu kuniambia, "Wamemchukulia pipa fundi viatu," kwa sauti ile ile anayotangazia misiba. Mama alipofariki, pipa jeusi lililobaki mtaani lilikuwa la kwetu.

Mwaka jana nilirudi kuishi na Baba. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na mimi sikuwa na roho ya kumwacha apike peke yake juu ya moto. Asubuhi nakwenda kazini, jioni narudi, namkuta kakaa mbele ya cherehani kavaa vizuri, futi ya kupimia shingoni. Mteja simwoni. Watu siku hizi wananunua nguo zilizoshonwa tayari, zikichanika wanatupa. Lakini kila Ijumaa pipa jeusi lilikuwa na vitambaa, na mimi nilifurahi. Nikasema moyoni, labda wateja wanakuja mchana.

Alhamisi moja nilifunua mfuniko, na nikalijua lile koti la kijivu.

"Baba! Hili si koti lako?"

"Lilikuwa langu."

"Limefanyaje?"

"Limechakaa."

"Limechakaa wapi? Koti hili ulilivaa kwenye harusi ya kaka, ukalitundika, basi!" Nikaangaza macho dukani. Pazia la chumba cha kubadilishia nguo halipo. Kitambaa cha meza kile cha maua hakipo. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. "Unakatakata nguo nzima, Baba, ili watu wa taka wakute taka?"

Alichukua chaki, akaigeuzageuza, akaiweka.

"Wakichukua lile pipa," akasema hatimaye, "hapa patakuwa nyumba tu, kama nyumba nyingine. Nami nitakuwa mzee tu ndani ya nyumba. Mimi ni fundi, mama. Sijui kuwa kitu kingine."

Akiniita "mama" huwa nanyamaza. Siku hiyo sikunyamaza. Nilimwambia ni aibu, nilimwambia Mama angekuwepo angemtoa nje na hilo pipa lake, nilisema mengi. Akaahidi hatakata tena. Na kweli hakukata. Ijumaa ikapita pipa likiwa tupu, na iliyofuata, na iliyofuata, na kila safari Kengele alifunua, akafunika, akaandika kitu, akaondoka bila kututazama. Baba akaacha kuvaa futi shingoni. Chai ikawa inapoa mbele yake. Nikajua nimeshinda, na roho iliniuma.

Siku moja kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nilirudi kutoka kazini mapema, jua bado liko juu. Baba alikuwa amesimama mbele ya meza ya kukatia. Juu ya meza kulikuwa na gauni la bluu la Mama, limetandazwa, limepigwa pasi. Mkononi mwake kulikuwa na mkasi.

"Thubutu!" nikapiga kelele.

Nikalinyakua lile gauni, nikalikumbatia kifuani. Gauni hilo alimshonea yeye mwenyewe. Lina bitana ndani na zipu ubavuni, na Mama alilivaa kila alipotaka kupendeza. Baba akauweka mkasi mezani.

"Nimesimama hapa tangu ulipotoka asubuhi," akasema. "Nimeshindwa."

Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona baba yangu analia, hata msibani alilia kwa kujificha. Nikasimama pale na gauni la Mama mikononi, sijui nimgombeze au nimshike, na kama kawaida yangu ulitangulia mdomo.

"Unataka taka? Utazipata. Nipunguzie hili gauni."

"Nini?"

"Mama alikuwa mnene, mimi mwembamba. Linanipwaya. Mimi ni mteja, nimeleta nguo, nataka ipunguzwe. Vitakavyobaki ni taka za biashara, halali kabisa, na kesho anayetaka kutazama atazame."

Baba akajifuta uso na kiganja. Akasema, "Mteja anabisha hodi."

Basi nikatoka nje, mtu mzima na kazi yangu, nikasimama barabarani nikabisha. "Hodi!"

"Karibu, dada. Tukusaidie nini?"

"Nina gauni langu hapa, fundi. Lakini nimesikia mafundi wa mtaa huu wanachelewesha kazi za watu."

"Hao ni wengine, dada. Hapa unaondoka nalo leo."

Alinipima mabega, kiuno, urefu. Namba alizitamka kwa sauti kama zamani, nami nikaandika zilizo sahihi kwa chaki pembeni ya meza, maana macho yake hayasomi tena futi vizuri; nilizisoma mwenyewe huku nikijifanya naangalia kwingine. Nilimtungia uzi. Akafumua ubavu mmoja, akafumua wa pili, akakata, na vipande virefu vya bluu vikaanguka sakafuni. Alipokanyaga cherehani mikono yake ilitetemeka vilevile, sitaki kukudanganya. Mshono uliyumba. Mimi nilishika kitambaa upande wa pili nikikivuta kidogo, naye akaniambia, "Mteja haishiki nguo ikiwa kwenye mashine," lakini hakunifukuza. Alikuwa anaimba kwa pua, sauti ambayo nilisahau kwamba ni ya nyumba yetu.

Nikalivaa. Upande mmoja ulishuka kuliko mwingine na kwapa la kulia lilinibana.

"Linakukaa," akasema.

"Linanikaa sana."

Nikachukua ufagio wa dukani, nikavizoa vile vipande. Vilikuwa vingi, pipa lingeonekana. Nikafunua mfuniko mweusi huku nikicheka peke yangu.

"Unafanya nini?" Baba akauliza.

"Natia taka."

"Hizo siyo za huko."

Nilidhani hajaelewa. "Baba, umepima, umekata, umeshona. Hukukatakata ovyo. Hii ni kazi."

"Ni kazi. Nimeshona gauni la mke wangu, nimempa binti yangu. Biashara iko wapi hapo?"

"Nilibisha hodi!"

"Ulibisha, na umenifurahisha, Mungu akuzidishie. Lakini mama yenu hakuwa mteja wangu hata siku moja." Akanyoosha mkono. "Lete. Hizo ni za nyumbani."

Nikamsihi. Mimi niliyemgombeza kwa ajili ya lile pipa, sasa nililitaka libaki kuliko yeye. Nikamwambia Kengele hatajua, hakuna atakayejua, ni vitambaa tu, kitambaa hakina jina. Akavichukua kwenye kizoleo, akavuka mlango wa ndani, akapita meza ya kulia hadi jikoni. Kwa kutetemeka vilimdondoka njiani, akawa anainama anaokota kimoja kimoja. Nikasikia mfuniko wa pipa la kijani ukifunguka na kufungwa.

Asubuhi alilifuta pipa jeusi kwa kitambaa chenye maji, ndani na nje, akalisukuma nje mwenyewe. Akavaa futi shingoni. Akasimama kando yake na kikombe cha chai.

Kengele siku hizi ana mvi na mgongo unamsumbua, lakini kengele bado anaipiga. Akafunua mfuniko, akatazama ndani kwa muda mrefu kuliko pipa tupu linavyohitaji.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "tia chochote humo. Hata uzi. Mimi natazama kule."

Na kweli akageuka akatazama kule.

"Kengele," Baba akasema, "miaka yote unatukagua, leo ndiyo unataka kuniharibia jina?"

Kengele akacheka, kisha kicheko kikaisha. Akamwita mwenzake. Baba akaweka kikombe chini, akashika mpini wa upande wake, wakalinyanyua pamoja hadi kwenye gari. Alama ya mviringo ikabaki chini, kando ya ukuta wetu, pale lilipokuwa linasimama. Kengele akampa Baba mkono, na gari likaondoka, na kengele yake tukaisikia hadi ilipokata kona.

Mimi nilikuwa mlangoni na gauni la bluu, na nililia, tena kwa sauti, wapita njia wakageuka. Niliwalilia wote, Mama, yule kinyozi na viapo vyake, kaka yangu na fagio zake, na mzee wangu aliyesimama pale na futi shingoni mbele ya ukuta mtupu.

Baba akaokota kikombe chake, akanijia. Hakunibembeleza. Alinishika bega la kulia, akaligeuza kwenye mwanga, akapapasa chini ya kwapa kwa kidole gumba.

"Hapa panakubana," akasema. "Nimepaona tangu jana, nikanyamaza. Ingia ndani ulivue, nikulegezee."

"Lakini duka limefungwa, Baba."

"Ndiyo, limefungwa," akasema, na akatangulia ndani kwenda kuifunua cherehani.