Kifaranga Aliyepewa Jina

Sakwe sakwe! Nawe uitikie: Soma! Hivyo ndivyo kitendawili kinavyotegwa katika vilima vyetu, basi usininyamazie. Nimekiokota mwenyewe, nimekibeba mwenyewe, nageuka nakikuta kimekalia kigoda changu. Ni nini? Ukisema mgeni, umekosa kwa shubiri moja. Ukisema mke mwenza, umekaribia, ila Bucura, aliyekiokota, hakuwa na mume wa kugombea. Alikuwa na mama tu. Haya, nipe mji. Jibu ni kifaranga wa korongo taji.

Alimwokota Jumanne, saa nne asubuhi, akipalilia mpunga bondeni. Mama korongo alikuwa amegonga nyaya za umeme, na baba korongo alizunguka kiota siku mbili kisha akaenda zake. Kwenye matete yaliyolala alibaki kifaranga mmoja wa rangi ya ugali wa muhogo uliochacha, anatetemeka. Bucura alivua kitambaa cha kichwani, akamfunga humo, akamtia kifuani. Akamaliza mstari wake wa mpunga, maana mstari ni mstari, ndipo akapanda kilima.

Mama yake, bibi Nyirabagenzi, alikuwa mlangoni akichambua maharage.

"Umebeba nini?"

"Yatima."

"Lete."

Akampokea kwa mikono miwili, kama watu wanavyopokea maziwa. Bucura aliitazama ile mikono. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na hakukumbuka kuiona yote miwili kwa pamoja ikimnyookea yeye.

Bucura ni kitinda mimba. Ndiyo maana ya neno hilo, na si jina, kama vile Jirani lisivyo jina. Jina la ubatizo padri alilitoa kwenye kalenda, Venansiya, nalo lilibaki kanisani. Ndugu zake watano waliolewa na kuoa mbali, wakawa watu wa kupiga simu Krismasi. Yeye alibaki na ng'ombe, mpunga na mama.

Siku ya pili kifaranga alihamia kwenye kigoda cha Bucura, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na moto. Bucura alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Yeye ndiye aliyechimba minyoo na kukimbizana na panzi. Mama aliwapokea kwenye kibakuli, akawa anamlisha mdudu mmoja mmoja kwa ncha za vidole.

"Mwone anavyokula vizuri mkononi mwangu," alisema. "Mtoto msikivu huyu! Hanuni, hajibujibu."

Siku ya tatu kichwa cha Bucura kilianza kumwasha. Siku ya nne, akijifunga kitambaa, alipapasa utosini akakuta unyoya, mgumu, wa dhahabu, mrefu kama kidole. Aliung'oa. Jioni yalikuwa matatu.

Mukandekezi, jirani yao, aliyaona kisimani.

"Bucura wee, hicho kitambaa hakitakaa tena. Kitoboe katikati."

"Nitakitoboa."

"Inauma?"

"Inauma mama akimwita *mwanangu*."

"Basi yatarefuka," alisema Mukandekezi, akajitwika dumu lake.

Nyumbani mama aliyatazama yale manyoya kwa muda, kisha akamtazama kifaranga, ambaye kichwa chake kilikuwa bado upara mtupu. "Usijali," alimwambia kifaranga. "Yako yatakuja mazuri zaidi."

Siku ya nane mama alisema watoto waitwe, mtoto apewe jina.

"Mama, ni ndege."

"Yatima hana siku ya nane? Injika maharage."

Watoto kumi na mmoja wa kilimani walikuja. Walipewa vijiti, wakalima kijishamba nyuma ya nyumba kama inavyotakiwa. Mama akachovya tawi kwenye maji, akawanyunyizia, akapiga kelele, "Mvua! Mvua jamani! Rudini nyumbani!" Wakakimbia wakicheka, wakala maharage na mchicha juu ya jani la mgomba, wakanywa maziwa, midomo ikawa myeupe. Kisha kila mmoja akatoa jina. Mmoja alisema Shingo. Mwingine alisema Rubani. Wa mwisho alisema Bata, akapigwa kofi la mgongoni na dada yake.

Mama aliwasikiliza wote kwa adabu, akamnyanyua kifaranga. "Ataitwa Munezero. Ni furaha. Jina hili nimelitunza miaka mingi."

Bucura alikuwa na upawa mkononi. Yeye mwenyewe hakuwahi kusikia mtu akisimulia nani alikuja kumlia maharage siku yake ya nane, wala nani alilima, wala kama mvua ilinyunyizwa. Akauliza, "Ulilitunza kwa ajili ya nani?"

"Mwongeze huyo mtoto, jani lake limeisha," alisema mama.

Bucura akamwongeza mtoto. Watu walipoondoka, kishungi cha manyoya kichwani mwake kilikuwa kimekamilika, duara zima, kimesimama kama ufagio mpya. Ilibidi ainame kupita mlangoni.

Aliuliza tena wakati wa kukamua. Aliuliza wakati wa kuanika mpunga. Mama alikuwa ameanza kuziba sikio moja, nalo lilitokea kuwa lile lililokuwa upande wa Bucura, hata Bucura alipohamia upande wa pili.

Kule sokoni watu walianza kumwita bibi Nyirabagenzi Mama Munezero. Aliitika haraka, kama mtu aliyekuwa amekaa tayari.

Wiki ya tano Bucura alimfunga kifaranga kwenye kitambaa kilekile, akamrudisha bondeni. Alimweka kwenye matete, akamwambia, "Kaa hapa. Kwenu ni hapa. Mimi nina kwetu kumoja tu." Akageuka bila kumwangalia, akapanda kilima kwa njia ya mkato. Alipofika, kifaranga alikuwa kwenye kigoda, miguu mikavu.

"Ulikuwa wapi muda wote huo?" mama aliuliza. "Mtoto anakungoja umchimbie."

Bucura akachukua jembe akaenda kuchimba.

Mwezi wa sita alikuja bwana mmoja kwa pikipiki, na daftari, na mfuko wa pete za plastiki. Kazi yake ilikuwa kuandikisha makorongo wote wanaofugwa majumbani. Alisalimia vizuri, akapewa maziwa, akayamaliza kabla ya kufungua daftari. Munezero alikuwa amefika kiunoni mwa mtu, na kichwani alikuwa na manyoya machache mafupi. Bwana yule alimvisha pete, akaandika jina kabla mama hajamaliza kulitamka mara ya tatu.

Kisha akamtazama Bucura, aliyekuwa akipeta mchele uani. Akafungua ukurasa mwingine.

"Na huyu mkubwa? Yuko hapa tangu lini?"

"Miaka arobaini na mitatu," alisema mama.

"Anaruka?"

"Hajajaribu."

"Anakula nini?"

"Kinachobaki."

Akaandika. Akamwomba Bucura akae kwenye kinu, akauweka mguu wake gotini, akachagua pete kubwa kuliko zote mfukoni. Ilibana kidogo kwenye kifundo.

"Jina?"

"Bucura huyo."

"Bucura si jina, bibi. Hata mimi kwetu ni bucura. Hapa panatakiwa jina."

"Mwandike Venansiya," alisema mama.

"Hilo ni la kanisani. Nataka la nyumbani."

Mama alikuwa akimpapasa Munezero shingo, kutoka juu kwenda chini. Bucura hakuuondoa mguu wake kwenye goti la yule bwana.

"Mama," alisema, "leo niambie. Hilo la Munezero ulilitunza kwa ajili ya nani?"

Bwana wa makorongo alisubiri na kalamu yake. Hakuwa na haraka. Nafasi kwenye fomu ilikuwa bado wazi.

"Wewe," alisema mama. "Nilikuwekea wewe, tangu uko tumboni. Lakini lilikuwa jina zuri, mwanangu, na wewe ni mtu wa kazi. Nikaona tusilichakaze."