Kidonge cha Meneja

Asubuhi ya safari, shemeji yangu alimpa mbwa wetu kidonge cha usingizi, na uwanja wa ndege ukamkataa mbwa.

Sitaki mtu aniambie kwamba alikuwa na nia njema. Mama mkwe ameshaniambia, jirani ameshaniambia, hata kinyozi wangu ameniambia huku ameshika wembe. Nia njema haimpandishi mbwa kwenye ndege.

Mbwa mwenyewe tulimwita Meneja, kwa sababu anakagua kila kitu na hafanyi kazi yoyote. Tulimwokota huko ugenini, mdogo kama kiatu, nyuma ya karakana nilikokuwa nachomelea mabomba. Binti yetu alikuwa na miaka mitano, hana rafiki, hajui lugha ya watu. Meneja ndiye akawa rafiki, ndugu na jirani. Miaka sita baadaye mkataba wangu ukaisha, ikabidi turudi nyumbani, na mtoto akasema bila Meneja hapandi ndege. Nikamwahidi kwamba tutaondoka naye. Mimi si mtu wa kuahidi ovyo.

Kuishi na mbwa ugenini ni kutafuta ugomvi kila siku. Jengo letu lilikuwa na lifti mbili, na mbwa aliruhusiwa ile ya taka. Kwenye basi hapandi. Teksi ikikuona umeshika kamba, inaongeza mwendo. Siku ya chanjo nilivuka mji kwa miguu, na mbwa alipochoka nikambeba begani kama mfuko wa saruji, watu wananipiga picha. Nilitaka kumchomelea mwenyewe kizimba cha safari, chuma kitupu, kazi ya mikono yangu. Watu wa ndege wakasema chuma hakikubaliki, nunua cha plastiki. Nikanunua. Kukawa na kipimo cha damu, kukawa na cheti cha afya kinachokufa baada ya siku kumi. Kila dirisha mtu ananitazama kana kwamba nimemwomba figo. Nikameza mate, nikamaliza vyote.

Kilichobaki ni kufika uwanjani tu. Kwa kuwa teksi hazibebi mbwa, nikamwomba shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, dereva wa pikapu ya kampuni. Kazini wanamwita Famasi. Hakosi mfuko wa vidonge kwenye gari: vya kichwa, vya tumbo, vya mgongo, na vile vyeupe vya usingizi. Kwenye kambi ya wafanyakazi wenzetu ilikuwa kawaida, mtu akienda likizo Famasi anamsindikiza, na kabla hajashuka anapewa kidonge cheupe alale njia nzima. Wanaume wenye vifua kama milango walikuwa wananyoosha mkono kama watoto wa chekechea.

Asubuhi ile alifika mapema. Tulikuwa tumeshakabidhi funguo za nyumba, mizigo iko barabarani. Akapakia kizimba, akamrushia Meneja kipande cha nyama, akacheka.

"Shemeji, huyu leo atasafiri kama waziri."

Nikadhani anasifia kizimba.

Uwanjani, kaunta ya mizigo ikamwita daktari wa wanyama, mama mwembamba mwenye glavu. Akafungua kizimba. Meneja akatoka, miguu ya nyuma ikaenda kivyake, akakaa kitako kama mlevi aliyetolewa harusini. Daktari akamfunua kope, akamsikiliza kifua.

"Amepewa dawa gani?"

"Hajapewa dawa," nikasema. "Ana hofu tu."

"Baba, mbwa mwenye hofu hakoromi nikimshika jicho."

Nyuma yangu Famasi akakohoa. Kikohozi chake nakijua.

"Ni kile cheupe tu, shemeji. Kimoja. Ili atulie."

"Umempa nini?"

"Kile kile ninachowapa nyinyi. Mbona nyinyi mnafika?"

Daktari akavua glavu. Akasema kule chini kwenye mizigo hakuna mtu wa kumwangalia, na mnyama aliyelazwa kwa dawa anaweza kusimama moyo angani bila mtu kujua. "Leo haruki," akasema, akachora msalaba kwenye karatasi yangu.

Nikabembeleza. Nikasema tutasubiri azinduke. Ndege haisubiri mbwa azinduke. Nikapiga kelele mpaka askari wawili wakaja kusimama karibu, mmoja kila upande, kama ndiyo naoa.

Mke wangu hakupiga kelele.

"Kaka, nani alikuomba?"

"Dada, nilitaka kusaidia."

"Nimeuliza nani alikuomba."

"Mbona mnanitazama kama nimeua? Niachieni mimi, wiki ijayo nitamtuma."

"Utamweka wapi? Mnalala wanane chumba kimoja. Msimamizi wenu akikuta hata kuku anaita polisi."

Kijana wa kaunta akaingilia bila kuulizwa: mbwa anasafiri na mwenyewe, si kifurushi.

Kibali changu cha kuishi kilikuwa kinaisha usiku ule, na cha mtoto kilikuwa ndani ya changu. Kesho yake tungekuwa wahalifu. Cha mke wangu kilikuwa cha kwake mwenyewe, alikipata kwa kazi ya kufua mashuka hospitalini, na kilikuwa na mwezi mzima mbele. Lakini nyumbani alikuwa anasubiriwa Jumatatu. Hospitali mpya ilikuwa imempa usimamizi wa chumba cha kufulia, watu kumi na wawili chini yake. Maisha yake yote alikuwa anatumwa. Ile ilikuwa mara ya kwanza atume yeye, na alikuwa ameshashona gauni la siku hiyo.

Kwa hiyo nikasema tumwache mbwa. Nilisema mbele ya mtoto.

Binti akakaa sakafuni, akapitisha vidole kwenye wavu wa kizimba.

"Baba, uliahidi."

"Inuka."

"Uliahidi, baba."

Nikamshika mkono kumwinua, kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Mke wangu akanitoa mkono.

"Mwache mtoto. Nitabaki mimi."

"Na Jumatatu?"

"Umenisikia."

Akambusu mwanawe, akaweka kizimba kwenye toroli. Famasi akakimbilia kukishika.

"Dada, ngoja niwapeleke."

"Kutembea najua."

Akatoka nalo juani, toroli la kuazima, ndani yake mbwa anakoroma. Nilimwona kupitia kioo akipungia teksi. Ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Famasi akaleta pikapu, akaenda naye pole pole ubavuni, dirisha wazi, akiongea na kuongea. Mke wangu hakugeuza shingo.

Alilala jikoni kwa mwenzake wa kufua, mbwa akalala kibarazani. Cheti cha afya kilikufa, akaanza upya. Ndege zilizobeba wanyama zilikuwa zimejaa. Walifika mwezi ule ukikaribia kwisha, mke wangu amekonda, Meneja amenenepa. Ukimuuliza mbwa, atakwambia safari ilikuwa nzuri.

Tiketi ya kwanza ya mke wangu ilipotea, na ya mbwa pia. Ile kazi alipewa mwingine Jumatano. Sasa hivi anafua nguo za watu uani, kwa mkono, akitumwa kama zamani. Binti alianza shule mpya bila mama yake, nywele nikimsuka mimi, darasa zima likimcheka. Famasi hupiga simu kila Ijumaa. Dada yake anaitazama simu mpaka inanyamaza, kisha anarudi kwenye beseni. Hesabu ya kidonge kile ni hiyo: tiketi mbili, kazi moja, mwezi mmoja wa mtoto bila mama, na kaka mmoja, mzima wa afya.