Tawi Kwenye Kipilefti

Mama aliifunga njia ya Mwamkulu kwa tawi la mninga, akalifunga kitambaa cha kanga yake ya kijani ili baba ajue ni lake. Ndivyo tunavyofanya kwetu: aliyetangulia huweka tawi kwenye njia ambayo hakupita, anayefuata asipotee. Baba alikuwa ziwani, Kapalamsenga, anavua. Waliagana kwa maneno makali, wala hakujua kwamba tunahama Mpanda kwenda Usevya kwa wajomba.

"Akikuta nyumba tupu atadhani nimemkimbia," mama alisema. "Atarudi ziwani moja kwa moja, na simwoni tena."

Tulilala kwa shangazi Lusia, hapohapo Mpanda. Asubuhi nikaenda kuteka maji, nikapitia njia panda.

Njia nne zinakutana pale: ya ziwani, ya mgodini, ya Mwamkulu, ya Usevya. Zamani kila mtu alikatiza apendavyo. Kiangazi kile likawekwa pipa katikati, malori yakaamriwa yapite kushoto na kulizunguka; kipilefti, wakakiita. Napenda kuyatazama. Yanakuja na kishindo, yakilifikia pipa yanashusha sauti, yanazunguka taratibu kama ng'ombe anayetafuta pa kulala. Lori likishaondoka, vumbi lake linaendelea kuzunguka peke yake.

Ndani ya vumbi lile nikaona mtu anazunguka kwa miguu, kikapu cha samaki, migebuka, kichwani. Nikadhani bado nimelala, naota.

"We mzee!" Kasimu, aliyekuwa analipaka pipa chokaa, alimpigia kelele. "Usukani umekatika? Shika njia yoyote basi, zote zako!"

"Sio zote," yule mtu akajibu. Ilikuwa sauti ya baba.

Nikatazama alikokuwa anatazama. Tawi la mama, na kitambaa chake, lilikuwa limelala kwenye mdomo wa njia ya Usevya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nyumba nimeikuta tupu, na mama yako kanifungia njia ya kwao. Mwambie nimeelewa." Akageukia ziwani.

"Alifunga ya Mwamkulu, baba. Tawi limehama."

"Tawi lina miguu?"

Nikashika kikapu chake, nikamwomba asubiri kidogo tu.

Tukasimama. Kwa mbali upande wa mgodini vumbi likanyanyuka, likakua, likawa lori. Likalifikia pipa, likashusha sauti. Likapita mdomo wa Mwamkulu, likapita wa Usevya, na pale gurudumu la nyuma likalinasa tawi, likalikokota polepole kama mkia. Lilipokata kona kwenda ziwani, tawi likachomoka, likabaki limelala katikati ya njia ile. Kitambaa cha kijani kikapepea mara moja, kikatulia.

Baba akalitazama tawi mpaka vumbi likashuka.

"Mzee," Kasimu akasema, brashi mkononi, "sasa ziwani nako umefungiwa."

Baba akacheka, kwa shida kidogo. Akaenda akainama, akafungua kitambaa, akakikung'uta, akakitia mfukoni. Tawi akaliacha palepale.

"Mama yako," akaniuliza, "ameshaamka?"