Ushauri wa Tadei na Samaki wa Liuli

Tadei alikuwa na kibanda cha kuchaji na kutengeneza simu pale stendi ya Mbinga, na alikuwa ameshaachwa na wanawake wawili, wa pili akaondoka na godoro. Ndiyo maana vijana walimfuata awashauri mambo ya mapenzi. Nani mwingine mjini angekuwa na uzoefu kiasi hicho?

Egidi naye akaenda. Egidi wa Namswea, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, mwenye shamba lake la kahawa na akili zake timamu, akakaa kwenye benchi la Tadei kama mtoto wa darasa la kwanza. Shida yake ilikuwa Winifrida, binti wa Liuli, kule ziwani, aliyepandisha samaki soko la Mbinga kila Jumanne. Egidi alinunua samaki Jumanne saba mfululizo, mpaka mama yake akamuuliza kama pale nyumbani kuna paka ambao yeye hajaonyeshwa. Wakapeana namba. Kwa miezi minne wakaandikiana asubuhi na jioni, na jamani, alimpenda yule dada mpaka palizi ikamshinda.

"Akikuandikia unajibu baada ya muda gani?" Tadei akauliza, bisibisi mkononi.

"Papo hapo, kaka."

"Yesu na Maria! Umekwisha, mdogo wangu. Mwanamke ukimjibu haraka anakuona huna kazi. Soma, halafu nyamaza siku mbili. Aone umesoma, ateseke kidogo. Atakuja mwenyewe."

"Na kama ana jambo la maana?"

"Hapo ndipo usijibu kabisa!"

Haya. Elimu ile ilitolewa bure, na thamani yake ilikuwa hiyohiyo.

Alhamisi asubuhi simu ya Egidi ikalia. Winifrida aliandika: "Egidi, nimemtumia mama mbasa. Yumo kwenye ndoo ya bluu, gari linaingia Mbinga saa saba. Barafu ni kidogo, mpokee mapema. Halafu nijibu leo. Kesho jioni baba ataniuliza kama yupo mtu au hayupo, nataka kujua nimwambie nini."

Mbasa, samaki mkubwa wa ziwa, mzima na kichwa chake! Kwao Winifrida binti hamtumii mama wa mtu samaki wa namna hiyo eti kwa sababu nyavu zilijaa. Hata huyu Egidi wetu alielewa. Moyo ulimruka, akaandika "Nakuja kumchukua, na baba mwambie yupo." Ilikuwa sentensi nzuri kabisa. Akaifuta, akampigia Tadei.

"Mtego huo!" Tadei akasema. "Ukichukua ndoo, konda atampigia kumwambia mzigo umefika, na hapo utakuwa umeshajibu. Iache mpaka Jumamosi."

"Samaki si ataoza?"

"Aoze na baridi hii ya Mbinga? Watu tunalala na mablanketi mawili! Atakaa kama yuko kwenye friji."

Na Egidi, aliyezaliwa na kukulia kwenye baridi hiyo, akakubali. Watu wa milimani bwana! Kwa kahawa huwadanganyi, ila samaki wanadhani akivaa sweta anapona.

Mizigo ya magari ilipokelewa dukani kwa Mzee Abdulkarimu, palepale stendi. Alhamisi ndoo ilikaa chini ya kaunta. Ijumaa saa nne wateja wakaanza kununulia nje, wakinyoosha mikono tu. Saa sita mzee akaitoa ndoo akaiweka ukutani, jirani na kibanda cha Tadei. Mtaalamu akatoka ameziba pua. "Mshenzi gani ameacha uozo wake hapa?" Akausoma mfuniko: MAMA EGIDI, NAMSWEA. Basi akaisukuma ndoo kwa mguu mpaka mbele ya fundi viatu, akarudi ndani kushauri mtu mwingine.

Mzee Abdulkarimu ndiye aliyekuwa na utu. Aliipiga namba ya mtumaji iliyoandikwa kwenye mfuniko, akasema, "Binti yangu, pole. Samaki wako ameharibika. Hakuna aliyekuja."

Jumamosi, siku mbili zilipotimia, Egidi akatuma maneno aliyotungiwa na Tadei: "Mambo? Nilikuwa bize kidogo." Akakaa anaitazama simu. Winifrida akasoma. Hakujibu. Jioni ikaja, na wala Egidi hakuteseka kidogo, aliteseka sana.

Jumapili hakumuuliza mtu. Alishuka na gari la kwanza mpaka Liuli, akamkuta Winifrida ufukweni anageuza dagaa kwenye chanja.

"Winifrida, nisamehe. Niliambiwa nisijibu."

"Na nani?"

"Tadei. Fundi simu."

"Yule aliyeachwa mara mbili?" Hata kucheka hakucheka. "Ungekuwa hujasoma, Egidi, ningesema mtandao. Ungekuwa unaumwa, ningekuja mimi. Lakini ulisoma. Nilikuona umesoma, nikakaa na simu mkononi mpaka baba anamaliza kula. Akaniuliza, 'Yupo?' Ningesema nini? Nilimwambia hayupo."

"Lakini nipo! Nakupenda, Winifrida. Nilikupenda hata kabla ya namba."

Hayo hakuna aliyemfundisha. Winifrida akasimama na dagaa mikononi, macho yakamjaa maji.

"Si ungeyaandika hayo Alhamisi," akasema. "Yangetosha. Sasa baba ameshawapa neno watu wengine waliokuja kuposa, na ni mimi niliyemwambia sawa."

Mama yake akatoka nyuma ya nyumba na beseni. Egidi akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama vizuri, kwa upole kabisa, kisha akamgeukia bintiye. "Mgeni huyu ni nani?"

Winifrida akajifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Mpita njia, mama. Anauliza gari la kurudi Mbinga."

"Ooh, pole baba," mama akasema, akaweka beseni chini ili amwelekeze vizuri. "La mwisho linaondokea pale hospitali saa nane. Kimbia, utaliwahi."

"Asante, mama," Egidi akasema, akaenda.