Redio Haina Ubovu

...na redio yenyewe haina ubovu wowote, nimefungua skrubu zote nne nikaona kwa macho yangu, spika mbili nzima, waya haujakatika, vumbi tu na mjusi mmoja mkavu, lakini bado nimeiinamia hapa kwenye meza ya Mama Blessing, bisibisi mkononi, kwa sababu nikisema imepona ataiwasha, na akiiwasha atachomeka ile flashi ya kwaya, na akichomeka flashi atajitafuta tena kwenye wimbo wa tatu, ubeti wa pili, na hatajisikia, maana hayumo, nilimtoa mimi, mkono huuhuu... "Elinaza mwanangu, umeuona ugonjwa?" Yuko pale mlangoni kwenye kigoda, anachagua mchele kwenye ungo, hata hanitazami. "Bado mama, naangalia." "Mie nakwambia ni spika ya kushoto hiyo. Wenzangu wote nawasikia. Hata Albano namsikia, na lile pengo lake linalopiga mluzi! Mimi tu ndo sijisikii." Anacheka, na mimi nacheka, Mungu wangu, nacheka kabisa, halafu simu inatetemeka mfukoni na nafurahi, maana mtu akipata ujumbe anaruhusiwa kunyamaza kidogo, nachomeka kipaza cha sikio kimoja, sikio la kushoto, la kulia nimemwachia yeye, ni Azzam wa Mikocheni, mwenye studio nyuma ya karakana za magari, mtoto wa wauza vitambaa ambaye kwao wanapima mita na yeye anapima sauti, nilimtumia jana ile remiksi yangu anipe maoni kabla sijaipeleka kwenye shindano la mtandaoni, mwisho leo saa kumi na mbili jioni, na sasa hivi ni saa tisa na robo kwenye saa ya ukutani, ile yenye picha ya Bikira Maria.

"Niaje Elinaza, nimeisikiliza ngoma yako mara tatu, mdundo uko poa, usije ukasema nakuponda, ila riveb kaka, riveb umemwaga, kila kitu kiko bafuni, ngoma bafuni, kinanda bafuni, besi nayo imejaa tope"... riveb, mwangwi ule wa kutengeneza, unaomfanya mtu aliye chumbani asikike kama yuko kanisani, najua nimeumwaga, hilo halinishtui, muziki wenyewe ni wa lile gemu la pangoni tulilokuwa tukicheza utotoni kwenye kibanda nyuma ya soko, kijana mdogo mwenye taa anashuka chini ya ardhi na maji yanadondoka, nitamwambia Azzam pango lazima liwe na mwangwi, jibu ninalo, nililiandaa tangu jana... "Blessing kanipigia asubuhi," anasema Mama Blessing, "kaniambia mama, huku Dodoma nimewawekea wenzangu ofisini kwaya yenu," na mchele unaruka kwenye ungo, shaa, shaa, "nikamwambia sikiliza wimbo wa tatu, ubeti wa pili, sauti ya pili, mama yako yule!" ...na Azzam hajamaliza, "halafu kuna mama mmoja pale nyuma, dakika ya pili hivi, anaimba aaa, huyo ni nani? Kaka, huyo ndo ngoma yenyewe! Umemzika kwa nini? Anasikika kama yuko ndani ya tanki la maji. Mtoe riveb yote, mlete mbele, na ile mikwaruzo usiisafishe, ule ndo utamu. Na kwenye maelezo umeandika sauti haijulikani, haijulikani vipi? Hakujirekodi mwenyewe, umemrekodi wewe. Mwandike jina mama wa watu." Ujumbe umekwisha, na bisibisi imeniteleza ikachora mstari kwenye kava la redio, sasa redio ina ubovu mmoja na ni wa kwangu.

Haijulikani, niliandika hivyo kwa vidole vyangu, haijulikani, wakati yuko mita tatu kutoka hapa anatoa chuya kwenye mchele atakaonipikia, maana ameshasema siondoki bila kula. Mikwaruzo, ni neno hilohilo alilolitumia Mwalimu Benson, mwenyekiti wa kwaya, siku ile ya kurekodi, alinivuta nje karibu na jenereta ili tusisikike, "Fundi, yule mama yetu sauti yake siku hizi ina mikwaruzo, mfanyie utaratibu, ila asijue, huyu ni mwanzilishi, tutamvunja moyo," mfanyie utaratibu, kana kwamba ni kibali cha ujenzi, na mimi si mwanakwaya, ni fundi mitambo tu, ningeweza kusema hapana Mwalimu, mwambie mwenyewe, sikusema, nilitikisa kichwa nikarudi ndani nikamfanyia utaratibu, maikrofoni nane mbele yangu, ya tano yake, nikaishusha mpaka chini kabisa, akaimba toka saa tatu asubuhi mpaka alasiri amevaa kitenge kipya, wiki nzima hakugusa maji ya baridi, Februari ya mwaka jana, na joto la Dar, anatafuna tangawizi ili koo lisimwaibishe, na kwenye video wamempanga mstari wa mbele, mdomo unafunguka, unafumba, na ndani hamna kitu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, wahenga walisema, na hapa mwana ni mama, na Benson halii, Benson yuko zake Ukonga anafundisha hesabu, ninayeinamia redio nzima ni mimi... "Ukitaka maji yamo kwenye mtungi," anasema, "usione haya, hapa ni kwenu." Asante mama. Hapa ni kwenu. Nimekuja kwa miguu kutoka kituoni, nikapita ukuta wa gereza la hapa mtaani upande ule wa kivuli, nikajikuta nakaza mwendo kama mwizi, mtu mzima, fundi, na kibegi cha vifaa.

Na hata hapo ningeweza kujisamehe, kazi ni kazi, mwenye kwaya ndiye mwenye kwaya, lakini sikufuta, hilo ndilo linaloniuma, niliishusha kwenye mchanganyiko wa kwaya tu, kila maikrofoni ilikuwa na faili lake, nikalichukua la tano nikaenda nalo nyumbani, usiku wala mchana sikumwomba ruhusa, nikaikata ile aaa yake nikaiweka juu ya muziki wa pango na ikakaa, ikakaa mpaka nikainuka kwenye kiti, sauti ambayo kwaya iliona haifai ndiyo iliyonifanya nijione mtunzi... kisha nikaiogopa, nikaanza kumwaga mwangwi, sekunde mbili, sekunde nne, sekunde sita, nikasema ni pango, ni pango, uongo, nilikuwa namficha asije mtu akamtambua, la kuvunda halina ubani, na mimi nimefukiza sekunde sita nzima na bado Azzam amenusa akiwa Mikocheni. Sasa nifanye nini, nikimtoa riveb atasikika, akisikika atajulikana, wanakwaya nao wana simu, mtu atasema huyu si Mama Blessing huyu, na yeye ataulizwa, na atasema mimi nilirekodi kwaya tu, na hapo atajua vyote viwili kwa mpigo, kwamba kule hayumo na huku yumo... au nisitume, niache saa kumi na mbili ipite, nifunge skrubu nne, nimwambie mama spika imechoka, anunue nyingine, ndiyo, hiyo ni rahisi, atanunua, atajitafuta, atanunua nyingine.

Kompyuta naitoa kwenye begi, naiweka kwenye kitambaa chake cha kufuma, "hiyo ya kupimia redio?" anauliza, "ndiyo mama," uongo wa ngapi huo leo, nahamishia kipaza cha sikio kwenye kompyuta, nafungua remiksi, natafuta faili la tano, nalisikiliza peke yake, naushusha mwangwi, sita, nne, mbili, sifuri, na pango lote linaondoka. Anabaki yeye. Yuko karibu kuliko pale mlangoni, nasikia anavuta pumzi, nasikia bangili ikigonga kishikio cha maikrofoni, nasikia aaa ikipanda na kukwaruza pale juu, mahali ambapo Benson alisikia aibu, na hapo hapo natamani kulia kwa jinsi ilivyo nzuri, na wimbo unaisha na faili haliishi, sikuwahi kulisikiliza mpaka hapa, mkia wa mwangwi ulikuwa unapafunika na mimi niliuacha ufunike, watu wanaongea, viti vinaburutwa, halafu yeye, chini chini, mdomo uko kwenye maikrofoni, "Elinaza mwanangu, na ya kwangu imeingia?" Na kijana mmoja anajibu kutoka kwenye chumba cha mitambo, sauti changamfu, haina mkwaruzo hata mmoja, "Imeingia mama, safi kabisa!" Safi kabisa. Ni mimi yule. Na ni kweli iliingia, nasikia akili yangu inakimbilia hapo kama panya, iliingia, hukudanganya, ilirekodiwa... nyamaza, Elinaza, nyamaza kidogo wewe.

Alishuku. Siku ileile alishuku, ndiyo maana aliuliza, na hakumuuliza Benson, aliniuliza mimi, na mwaka mzima amekuwa akiilaumu spika ya kushoto ili asinilaumu mimi. Saa ya ukutani inasema tisa na ishirini. Redio bado iko wazi, bisibisi bado iko mkononi, mchele unaruka, shaa, shaa, sijui nitaanza na neno gani, najua tu kwamba sitafunga hizi skrubu kwanza, na kwamba nikituma au nisipotuma si mimi tena wa kuamua, mwenye sauti yupo, na pengine atanifukuza na njaa yangu, na atakuwa na haki... "Wewe kijana, mbona kimya? Umeuona ugonjwa au hujauona?" "Nimeuona, mama." "Si nilikwambia? Ni hiyo spika ya kushoto." Nachomoa kipaza sikioni, nakifuta kwenye shati, nakishika kwenye kiganja. "Siyo spika, mama," nasema. "Ni mimi." Na ungo unatulia mapajani mwake.