Mabwana Watatu wa Viti vya Meli

Kampuni ya meli ya kisiwa cha Nangan ilikuwa na mashine tatu za kutunza orodha ya abiria, na zote zilikuwa mabwana, hakuna mtwana. Moja ilikaa hapo hapo kisiwani, nyuma ya dirisha la tiketi. Mbili zilikuwa ng'ambo, kwenye bandari za Keelung na Taichung. Ukikata tiketi kwa yoyote, wenzake huandika papo hapo. Moja ikifa, nyingine zinaendelea na kazi wala hazikai matanga. Programu yenyewe ilikuwa ya bure, msimbo wake wazi kwa yeyote, na kwa Meneja Yen neno hilo "bure" ndilo lililomaliza mjadala.

"Ila mafahali wawili hawakai zizi moja," meneja huyo alimtania Pei-chun siku ya kuziwasha.

"Hawa ni watatu, Meneja, na wanapiga kura. Asiyewasikia wenzake hakati tiketi. Ananyamaza mpaka awasikie."

Pei-chun ndiye fundi aliyeziweka, na alikuwa na sababu. Enzi za mfumo wa zamani kebo ya mawasiliano iliyopita chini ya bahari ilikatika, kila upande ukauza kwa kichwa chake, na watu wawili wenye kiti kimoja wakashikana mashati langoni mpaka mzee wa watu akasukumwa majini. Pei-chun alimwona akiopolewa. Akaapa: bora mashine inyamaze kuliko iseme uongo.

Haya. Siku za kusafisha makaburi ya wazee zilipofika, kila mtu akitaka kusafiri, chombo fulani kikaburuta nanga na kebo ikakatika tena. Simu kimya, mtandao kimya. Mashine ya kisiwani ikajikuta peke yake, ikafanya kama ilivyofundwa: ikagoma. Na walinzi wa pwani hawampandishi mtu ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya mashine, hata alie machozi ya damu.

"We binti, hiyo mashine nzima au mgonjwa?" alifoka shangazi mmoja mnene mwenye kapu la kome. "Taa si zinawaka?"

"Nzima, shangazi. Haiwasikii wenzake tu."

"Ala! Mume wangu hajanisikia tangu tuoane, na wali anakula!"

Foleni nzima ikacheka. Mwanamume mmoja tu hakucheka, naye alikuwa babake Pei-chun, mzee Tsao mpika pombe, amevaa koti lake la harusini. Kaka wa mzee huyo alikuwa hospitalini Keelung, na madaktari walikwisha kusema anayetaka kumuaga aje upesi. Mzee hakumwita binti yake wala hakumkonyeza.

Meneja Yen akaingia anahema. "Ifungue! Najua kuna amri ya kuilazimisha ifanye kazi peke yake."

"Ipo. Lakini ng'ambo nao wanauza viti hivi hivi. Kebo ikirudi, wawili wanamshinda mmoja, majina yetu yanafutwa."

"Meli inaondoka saa nane mchana. Hao wa kufutwa watakuwa wameshafika kwao, wanakunywa supu!"

Hapo alisema kweli, na Pei-chun alijua. Amri alikwisha kuiandika, ilibaki kubonyeza. Akatazama nje, akaliona lile koti. Kisiwa chenyewe ndio hiki, cha watu kujuana mpaka majina ya mbwa. Jioni wangesema kaifungua kwa ajili ya babake.

"Kanuni ni kanuni," akasema. "Ukitaka, nipe agizo lako kwa maandishi."

Meneja Yen, anayeogopa sahihi yake kuliko kimbunga, akakohoa, akaenda kutafuta chai.

Na tuambiane ukweli: kama mzee yule asingekuwa kwenye foleni, binti angebonyeza.

Meli ikaondoka. Kesho yake kebo ikaungwa, na simu ya kwanza kuingia nyumbani kwa akina Tsao ilikuwa ya msiba. Simu ya kwanza kuingia ofisini ilikuwa ya wakubwa wa Keelung: hakuna kiti hata kimoja kilichouzwa mara mbili, hongera sana. Watu wakapiga makofi, Meneja Yen akipiga kuliko wote.

Jioni mzee alikuwa jikoni, akimmiminia marehemu kikombe cha pombe nyekundu.

"Nasikia wanakusifu."

"Ndiyo, baba."

"Meli iliondoka imejaa?"

Angeweza kuitikia tu, yakaisha. Lakini mashine zilipoanza kusikilizana, kitu cha kwanza alichokitazama kilikuwa hicho.

"Viti arobaini vilikuwa vitupu."

Mzee akaweka chupa chini taratibu. Pei-chun akamgeukia. "Kwa nini hukuniambia neno, baba? Hata kunipungia mkono!"

"Nikupungie? Mimi si ndiye niliyekulea?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi binti. "Nilijua ukiniona tu hutafungua. Nikajificha nyuma ya yule mama wa kome."

"Nilikuona, baba," alisema Pei-chun.